Kina cha Mwisho

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili Mjomba alinipa niandike vipimo vya mashine. Vipimo vinaanzia mbele. Haya naandika kutokea nyuma, daftari likiwa kichwa chini, ili mtu akilifungua asianze nayo. Sina siri kubwa. Ni kwamba nikiongea maneno hunikwama, na nikiandika hayanikwami.

Muhula umeanza leo, na mvua pia.

Jumatano, 6 Machi

Nieleze mashine, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Mjomba ni kaka yake Mama na ni fundi redio. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mwaka juzi aliunda kerezo la kuchongea santuri: sahani nzito inayozunguka, mota ya cherehani, na kichwa chenye sindano ya almasi inayochimba mfuo kwenye plastiki ngumu, ile ya kutengenezea mabango. Santuri ya dakika kumi huchongwa kwa dakika kumi, moja baada ya nyingine. Hakuna kuharakisha. Uzi mwembamba wa plastiki unaotoka mfuoni hunyonywa na mpira wa kifyonza vumbi. Ukiuachia ukajizungusha kwenye sindano, santuri hiyo ni ya kutupa.

Kazi yangu, nikitoka shule, ni kushika mpira na kukagua mfuo kwa hadubini. Mfuo una upana, una nafasi kati yake na jirani yake, na una kina. Mjomba anasema kina ndicho kila kitu. Kikipungua, sindano ya msikilizaji huteleza. Kikizidi, mfuo hutanuka na kubomoa ukuta wa jirani, na sindano huruka. Nimejifunza kutamka "kina" kama anavyotamka yeye, kwa mkato, kama daktari anayetaja ugonjwa.

Jumamosi, 9 Machi

Leo tumeanza kazi ya Mwalimu. Ni mwalimu mstaafu, ndiye aliyemfundisha Mama kusoma. Ametunga shairi la beti kumi na nne kwa ajili ya watoto wake wawili, akaja kulisoma hapa karakana juma lililopita nikiwa shule. Ana uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Atapasuliwa tarehe 24 Aprili, na daktari amemwambia wazi kwamba sauti inaweza kurudi, inaweza kurudi nyingine, na inaweza isirudi. Tangu alipomaliza kurekodi haruhusiwi kusema hata neno moja, wala kunong'ona. Anaandika kwenye vikaratasi.

Anataka santuri kwa sababu marehemu mumewe aliwalea kwa santuri. Nyumba zote tatu zina pleya: yake, ya mwanawe daktari wa meno, na ya bintiye msusi. Anataka isikike vizuri katika zote tatu kabla hajaingia hospitali. Shairi zima liwe upande mmoja, ili mtu asiinuke katikati. Ameyaandika haya yote kwenye karatasi moja, kwa mwandiko wa ubaoni.

Tumechonga moja. Kwenye pleya ya karakana imelia vizuri. Nimempelekea mlangoni, nikamwamkia, akatikisa kichwa, nikakimbia.

Jumanne, 12 Machi

Kikaratasi kimeletwa na Mama kutoka kwa Mwalimu. Mjomba alikuwa akilehemu, risasi ya moto mkononi, akaniambia nimsomee. Kinasema hivi:

"Kina cha kati ni kizuri. Kina cha mwisho kinapotea. Naomba mkirekebishe."

Mjomba aliweka chini chuma cha kulehemu. Akasema katika wateja wake wote, huyu ndiye wa kwanza kujua kwamba santuri inapokaribia karatasi ya katikati sauti hufifia. Wengine husema tu "inakoroma". Alifurahi kama mtu aliyekutana na mwenzake wa kazi ugenini. Aliniuliza namna ya kurekebisha, nikajibu bila kufikiri: tuongeze kina kuelekea mwisho. Akasema, "Bi Daftari, umekuwa fundi." Nilijisikia vizuri hadi kulala.

Jumamosi, 16 Machi

Tumechonga tatu, kila moja ikiwa na kina cha kuongezeka kuanzia ubeti wa kumi. Kwenye pleya yetu zote zimecheza hadi mwisho. Pleya yetu ina mkono mzito kama nyundo. Mjomba anaiita Mvumilivu.

Kisha nikatumwa kuzigawa na kusikiliza. Nilimwomba Mjomba aende mwenyewe. Akasema watu hawataniuma, na mmoja wao ni wa meno, basi hata akiuma atanitibu bure.

Kwa daktari wa meno: aliniambia nivue viatu, ninawe mikono, nisiegemee kabati. Pleya yake ina kifuniko cha kioo na mkono mwepesi kama unyoya. Santuri ilicheza hadi ubeti wa kumi na moja, ikaruka, ikarudi, ikaruka. Aliinua mkono wa pleya kwa kidole kimoja akasema nimwambie mjomba wangu kwamba plastiki ni plastiki.

Kwa msusi: pleya yake ni ya sanduku, yenye mshikio kama begi la safari, imewekwa kwenye rafu ya mafuta ya nywele. Santuri haikuruka, ila kuelekea mwisho kulikuwa na mngurumo, na chini ya mstari mmoja ulisikika kwa mbali mstari unaofuata, kama mtu anayekusomea jibu nyuma ya dawati.

Kwa Mwalimu: pleya imo ndani ya redio ya kabati, na mkono wake hujirudisha wenyewe. Ubeti wa kumi na tatu haujaisha, mkono ukajiinua na kwenda kulala. Mwalimu alinitazama. Mimi nikautazama mkono.

Nyumba tatu, makosa matatu. Nimeyaandika mbele kwenye jedwali.

Jumapili, 17 Machi

Mjomba anasema santuri hazina kosa, wenye kosa ni pleya. Moja imedekezwa, moja ni mwanasesere, na moja ni mzee anayelala mapema. Mama alisikia kupitia ukutani akacheka. Mimi nilicheka pia, lakini baadaye niliona kwamba pleya yetu ndiyo pekee inayotusifu.

Jumatano, 20 Machi

Kikaratasi cha pili: "Kina cha kati msikiguse. Kina cha mwisho sasa ndiyo kimezama kabisa."

Mjomba: "Kimezama. Si nilisema tumechimba mno?"

Hakusema hivyo. Nilisema mimi, Jumamosi niliporudi na jedwali. Sikumkumbusha.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Jaribio la hisabati.

Jumamosi, 23 Machi

Tumepunguza kina cha mwisho. Siku ya mvua ni nzuri kwa kuchonga, hewa ina unyevu na uzi wa plastiki haugandi kwenye sahani. Chini ya hadubini mifuo ilionekana safi, yenye kuta nyembamba zilizosimama. Nilidhani tumeshinda.

Kwa daktari wa meno sindano iliteleza kutoka ubeti wa kumi na moja hadi kwenye karatasi ya katikati, moja kwa moja, kama mtu aliyekanyaga sabuni. Safari hii Mjomba alikuwa amekuja nami. Walianza kwa heshima. Mjomba akashauri waongeze uzito wa mkono kidogo. Daktari akasema sindano ile haiguswi na mtu asiyejua bei yake. Mjomba akasema naye kerezo lake haliguswi na mtu asiyejua kuliunda. Mimi nilikuwa nimesimama na soksi zangu, moja ina tundu. Tulirudi bila kuongea. Njiani Mjomba alisimama mara mbili kana kwamba anarudi kumalizia.

Jumanne, 26 Machi

Hakuna umeme.

Ijumaa, 29 Machi

Mtihani wa Kiswahili wa katikati ya muhula. Swali la ushairi lilikuwa rahisi: ainisha vina vya kati na vina vya mwisho. Nilimaliza mapema, nikawa natazama dirishani nikiwaza namna ya kuokoa kina cha Mwalimu.

Jumanne, 2 Aprili

Zimebaki siku ishirini na mbili. Mjomba ameanza kuchonga peke yake asubuhi nikiwa shule. Nikirudi nakuta santuri zilizokataliwa zimepangwa ukutani kama sahani chafu. Zamani nilidhani fundi ni mtu anayejua. Sasa naona Mjomba hajui, na hilo linamfanya apige kelele kwa redio za watu. Jana aliikaripia moja iliyokuwa imezimwa.

Jumamosi, 6 Aprili

Nilitumwa kwa daktari wa meno na santuri ya nane. Nilijua nitasimangwa, nikajipanga kujibu "ndiyo" tu.

Nilipofika mlango ulikuwa wazi, na ndani nikasikia sauti ya Mwalimu. Ilikuwa santuri ya pili, ile inayoruka. Daktari alikuwa ameketi sakafuni karibu na pleya, koti la kazi halijavuliwa. Ubeti wa kumi ulipoisha alinyoosha kidole akauinua mkono, kabla ya pale panaporuka. Akaurudisha mwanzo.

Aliponiona hakuona aibu. Alisema, "Najua inaporuka. Naisikiliza hadi hapo kila siku nikitoka kazini. Mpaka kumi inatosha."

Haitoshi. Kwenye mashine ninalisikia shairi lote, na ubeti wa kumi na mbili ndio unaomhusu yeye:

"Kaka mtu mlangoni, viatu namvalisha."

Hajawahi kuusikia. Hajui kama yumo. Nilitaka kumwambia, maneno yakanikwama, nikasema "ndiyo". Tukajaribu ya nane. Iliruka ubeti wa tisa. Hakusema plastiki ni plastiki. Alisema, "Pole," na sikujua kama pole ni yangu au ni ya santuri.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimerudishiwa karatasi ya Kiswahili. Swali la ushairi: alama zote.

Jumamosi, 13 Aprili

Haya nitayaandika kwa urefu.

Nilikwenda saluni na santuri ya kumi na moja. Kulikuwa na wateja watatu: mmoja anasukwa, wawili wako chini ya vikaushio. Msusi aliiweka bila kuacha kusuka, karibu kwa kiwiko. Vikaushio vilikuwa vinavuma, plastiki inachakacha, na sauti ya Mwalimu ikawa inakuja na kwenda.

"Taa yangu ya mezani, kila jioni huwa…"

"Huwaka," alisema wa kikaushio cha kwanza.

"Huwaza," alisema mwenzake. "Taa ya mwalimu lazima iwaze."

"Huwa imezimika," alisema anayesukwa. "Umeme wenyewe mnaujua."

Wakacheka, na ukawa mchezo. Kila mstari ukifika mwisho wanakisia. Nilisimama kando nikiandika kwenye jedwali mahali panapokoroma. Ukafika ule wa msusi mwenyewe.

"Na mdogo kitandani, hadithi namkumbu…"

"Namkumbatia," wakasema wote watatu, kwa sauti ya huruma.

Msusi alisimamisha mkono kwenye nywele. "Mama anikumbatie, na madaftari ayasahihishe nani? Ni namkumbusha. Kina ni sha, jamani. Shairi zima kina cha mwisho ni sha, nyinyi mlikwenda shule kula?"

Kalamu ilibaki ilipo.

Kina cha kati ni ni. Mezani, kitandani, mlangoni. Kinasikika, ni kizuri, msikiguse. Kina cha mwisho ni sha, na sha ndiyo sauti ya plastiki yenyewe; sindano ikipita mahali pasipo na kitu, inasema shaaa. Mwalimu husoma akishusha sauti kila mwisho wa mstari, silabi ya mwisho anaiweka chini polepole, nayo inazama humo humo kwenye mchakacho. Imezama kabisa. Alituandikia hivyo. Alituandikia kwa Kiswahili sanifu, mara mbili, na sisi tukaenda kuchimba plastiki.

Nami nilipata alama zote.

Msusi aliniuliza, "Mdogo wangu, unaumwa?" Nikasema hapana, nikaondoka na kusahau mwavuli.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa Mwalimu, na njia nzima nilikuwa napanga sentensi. Alipofungua mlango zote zilikuwa zimeondoka. Alinipa taulo. Kisha, kwa kuwa hakuweza kuuliza, alinisogezea mezani vikaratasi vyake na kalamu, nami nikaona kwamba mbele ya mtu huyu si lazima niongee.

Nikaandika: "Mwalimu, tulidhani kina ni kina cha mfuo. Urefu wa kwenda chini. Mimi ndiye niliyemsomea Mjomba."

Alisoma. Akavua miwani, akasoma tena. Mabega yakaanza kutikisika, akafumba mdomo kwa kiganja, machozi yakamtoka. Nilidhani analia. Akaandika: "Daktari amenikataza kucheka pia. Usiniandikie mambo kama haya."

Nikaandika: "Kwenye mtihani swali la vina nilipata alama zote."

Ilibidi ainuke aende dirishani.

Aliporudi tuliandikiana kwa saa nzima, karatasi ikienda na kurudi. Sijawahi kuzungumza na mtu mzima kwa saa nzima. Nilimweleza kwamba tungeweza kuzinyanyua sha zake kama angesoma upya, kwa kubonyeza mwisho. Aliandika: "Siwezi. Zimebaki siku kumi na moja, na nimeahidi." Kisha chini yake: "Nasoma hivyo tangu ujana. Darasani walikuwa kimya, walinisikia."

Nikaandika kwamba kwenye kompyuta ya Mjomba sauti yake ni safi, mchakacho ni wa plastiki tu. Tunaweza kuzinyanyua silabi moja moja. Lakini sauti ikipanda mfuo hutanuka, na mifuo ikitanuka haitatosha upande mmoja. Lazima msikilizaji ageuze santuri katikati.

Alihesabu beti kwa vidole. Akaandika: "Baada ya ubeti wa saba. Waache wainuke, wanyooshe miguu."

Jumapili, 14 Aprili

Nimemwambia Mjomba, kwa mdomo. Alikuwa akifungua feni ya jirani. Nilisema yote kwa mkupuo nikitazama skrubu.

Aliendelea kulegeza skrubu moja hadi ikatoka. Kisha akasema, "Mwezi mzima." Baadaye kidogo: "Nimegombana na daktari wa watu kwa ajili ya silabi." Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya uchovu. Akasema yeye aliacha shule kabla ya kufika kwenye vina, ndiyo maana karatasi za wateja hunipa mimi. Sikujua hilo. Nilidhani hunipa kwa sababu mikono yake ina risasi.

Akafunga skrubu zote za feni, bila kuitengeneza. Kisha akauliza, "Ziko ngapi hizo sha?"

Beti kumi na nne, mistari minne minne. Hamsini na sita.

"Haya," akasema. "Kaa hapa."

Jumatatu, 15 Aprili

Sha tisa. Kwenye kompyuta sauti ni kama mlima mrefu uliolala, na sha ni kichaka kidogo mwishoni. Unaikata pande mbili, unainyanyua, unasikiliza. Ukizidisha, Mwalimu anakuwa kama anafukuza kuku.

Jumanne, 16 Aprili

Kumi na tatu. Mjomba anazungusha upya nyaya za kichwa cha kerezo, ili kistahimili sauti iliyopanda. Hatuongei sana, lakini si ule ukimya wa mwezi uliopita.

Jumatano, 17 Aprili

Kumi na sita. Naanza kuijua sauti hii kuliko sauti yangu. Najua anapovuta pumzi, najua ubeti gani alikuwa amechoka, najua alipotabasamu, maana sha ya tabasamu ni nyembamba.

Alhamisi, 18 Aprili

Kumi na saba, jumla hamsini na tano, imebaki moja. Ni ubeti wa kumi na mbili, mstari wa pili. "Viatu namvali", halafu hakuna kitu. Nimenyanyua hadi mwisho wa kipimo na kuna sauti ya kumeza tu. Sha yenyewe haikutoka. Ni mstari wa daktari wa meno.

Mjomba alisikiliza mara tatu kwa vipokea sauti. Akasema kitu kisichokuwepo hakinyanyuliwi.

Kisha nikasema, na maneno hayakunikwama, "Lakini ni kina, Mjomba. Zote ni sha moja. Tunaweza kuichukua ya ubeti mwingine."

Alinitazama. "Kiraka."

Nilijaribu saba. Ile ya "huwasha", ubeti wa pili, taa ya mezani, ilikaa bila kuonekana mshono. Mjomba alisema tusimwambie Mwalimu, hatajua. Nilifikiri juu ya hilo nikila, nikaona kwamba ni sauti yake na ana haki ya kujua ilishonwa wapi.

Ijumaa, 19 Aprili

Nilipita kwake nikitoka shule. Nikaandika: "Ubeti wa kumi na mbili, mstari wa pili, sha haipo. Tumeweka ya 'huwasha'. Ukikataa tutaitoa."

Aligusa neno "haipo" kwa ncha ya kalamu. Akaandika: "Nilimeza. Nilimwona tena akiwa mdogo, amesimama na kila kiatu kwenye mguu usio wake. Nilidhani hakuna atakayejua."

Kisha chini kabisa, neno moja: "Azima."

Jumamosi, 20 Aprili

Tumechonga kuanzia saa mbili asubuhi. Mifuo mipana, kina cha kawaida toka mwanzo hadi mwisho, pande mbili. Kwa kuwa kila upande una beti saba tu, mfuo unaishia mbali na karatasi ya katikati. Mjomba alipiga paji la uso: mkono wa redio ya kabati ulikuwa unajiinua kwa sababu tulimpeleka mzee karibu mno na kitanda chake. Santuri mbili ziliharibika, tatu zikatoka. Hatukuzijaribu kwa Mvumilivu. Mjomba alisema huyo si shahidi tena.

Saluni: imecheza yote. Vikaushio vikivuma, wateja walisema "huwasha" pamoja na Mwalimu. Msusi alisikiliza ubeti wake akiwa ametupa mgongo, akachana nywele za mtu ambazo zilikuwa zimeshachanwa.

Kwa daktari wa meno tulikwenda wote wawili. Mjomba alinawa mikono kabla ya kuambiwa. Upande wa kwanza ulipita. Daktari akageuza. Ubeti wa nane, wa tisa, wa kumi. Ulipoisha wa kumi niliona kidole chake kinakwenda kwenye mkono wa pleya, kwa mazoea. Mjomba akasema kwa sauti ya chini, "Uache, Daktari."

Akauacha. Ukapita wa kumi na moja. Ukaja wa kumi na mbili.

Hakulia wala nini. Alitazama miguu yake. Sindano ilipofika mwisho alisema, "Nilikuwa navigeuza kusudi, ili aniinamie." Kisha akamuuliza Mjomba kama anakunywa chai au kahawa. Kiraka hakukisikia. Nilikuwa namtazama uso, hakukisikia.

Jumanne, 23 Aprili

Ya Mwalimu tumempelekea leo. Mkono wa kabati uliinuka mahali pake, pande zote mbili. Alisikiliza amefumba macho. Alipomaliza akaandika kwamba ubeti wa tisa, mstari wa nne, nimempigia kelele. Ni kweli, nilizidisha. Nikauliza kama turudie. Akaandika: "Acha. Na mimi niliwahi kupiga kelele."

Jumatano, 24 Aprili

Ameingia saa tatu asubuhi. Msusi alimpigia Mama simu saa tisa mchana: ametoka salama. Juu ya sauti hakuna anayejua.

Jumamosi, 4 Mei

Mitihani ya mwisho wa muhula inaendelea. Mvua imepungua. Uzi wa plastiki umeanza kuganda.

Jumamosi, 11 Mei

Shule ilifungwa jana. Leo asubuhi Mwalimu alikuja karakana kwa miguu. Nilimwamkia, akanipungia mkono, akaketi kwenye kiti cha wateja, akavua saa ya mkononi na kuiweka juu ya meza katikati ya redio zilizofunguliwa. Kisha akaongea.

Alisema daktari amempa dakika tano kwa siku kwa sasa, zikizidi anadhuru mshono.

Sauti ilikuwa nzito, iko chini, yenye mikwaruzo, na katikati ya maneno ilikatika na kurudi. Mjomba alimpongeza haraka, akasema Mungu mkubwa, akasema mengi. Mwalimu alimsubiri amalize. Akanigeukia mimi.

"Watoto wanasema ni ileile," alisema. "Wananipenda. Lakini wewe umeikata vipande hamsini na sita. Je, ni ileile?"

Mjomba alinikazia jicho kutoka nyuma ya redio. Nililielewa jicho lile. Nilimtazama Mwalimu, na sikuwa na karatasi.

"Hapana, Mwalimu," nikasema. "Ile ilikuwa juu zaidi. Na mwisho wa neno hii inakwaruza, ile ilikuwa inatua."

Redio moja ilikuwa inatoa mlio mwembamba. Mjomba aliizima.

Mwalimu akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesahihishiwa jibu alilokuwa analijua. "Nilijua," akasema. "Nilitaka mtu mmoja aseme, nianze kuizoea."

Akaangalia saa. Akasema zimebaki dakika tatu na hataki kuzimaliza asubuhi yote, mchana atazihitaji kumgombeza mwanawe kwa simu. Akajiegemeza kwenye kiti.

"Basi ongea wewe."

Nikamuuliza niongee nini. Akainua mabega tu, tayari ameshafunga mdomo.

Nikaanza na kitabu ninachokisoma likizo hii, na kwa nini shujaa wake simpendi. Nilieleza ndugu zake, nikaeleza nyumba yao, nikarudi nyuma mahali nilipokosea. Nilipotazama saa iliyo mezani, dakika kumi na mbili zilikuwa zimepita, na nilikuwa bado sijafika sura ya tatu.